Kichwa cha Baba Nzilani

Lindi, Kibera,
Nairobi.
Ijumaa, 13 Septemba 1996

Kwako rafiki yangu Ndunge, Mama Nzilani,

Wimuseo? Hiyo ndiyo salamu ya Kikamba isiyonishinda, na ulinifundisha wewe mwenyewe tukipanga foleni pale bombani. Natumaini mko wazima nyote huko Kitui, na miguu ya mama yako imepungua kuvimba. Mbaazi zimeshaingia ghalani? Nzilani na Brandon wamepata shule kwa muhula huu wa tatu, ama bado unawafundisha mwenyewe kwa fimbo ya mwiko? Wasalimie sana. Mwambie Brandon yule paka wake bado analala juu ya bati la choo na hamtaki mtu.

Huku tuko, tunasukuma siku. Billy anakula kama mtu wa mjengo. Maji yalikatika siku nne, mwenye nyumba akasema yeye siye mawingu. Mimi mwenyewe sijambo, isipokuwa situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta kitu cha kufagia, na barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu. Nakuomba uisome kwa mpangilio, usirukie mwisho. Nakujua wewe, hata mchuzi huuonja kabla haujachemka. Ninayokuandikia yanamhusu Baba Nzilani, na nitayasema yalivyotokea, moja baada ya jingine, maana nikiyachanganya nitapata mahali pa kujificha.

Unakumbuka hali uliyomwacha nayo mwishoni mwa mwezi wa saba. Muema, mume wako, alikuwa amekonda, mashati yanamning'inia, analala mchana kutwa, analalamika kichwa, anamwaga chai kwa mkono wa kulia, na siku moja alimtazama Brandon akashindwa na jina lake. Mimi ndiye niliyekuita jikoni kwangu. Nilikuambia ule ugonjwa umemfika, tena umeshapanda kichwani, na kwamba ukiwa na akili utachukua watoto uende kwa mama yako. Uliniuliza kama nina hakika. Nikakuambia nimeiona karatasi yake ya damu kwa macho yangu. Ukaenda kufunga virago, na sikukulaumu wala mtu yeyote hapa plotini hakukulaumu.

Ulinisikiliza kwa sababu nina cheti. Kile cha siku tatu, cha kule kanisani Kawangware, cha kuwatunza wagonjwa nyumbani, nilichokitundika juu ya redio. Tangu nikipate mtaa mzima ulikuwa ukiniita daktari, na mimi nikiitika. Miaka mitatu nimeingia nyumba za watu na boksi langu la glavu na chupa ya jik ya kuulia viini, nikitazama ulimi, ngozi, mashavu, na nikitoka nje wanawake wananingoja niseme. Mara nyingi nilisema kweli, Ndunge. Wengi niliowataja tumewazika. Hiyo ndiyo iliyonivimbisha kichwa.

Ulipoondoka nilimhudumia kama nilivyokuahidi. Kila asubuhi nilimpelekea uji. Kikombe chake nilikipiga rangi nyekundu chini ili kisichanganyike na vya Billy. Nilivaa glavu hata nikimshika mkono kumwamsha, na yeye alikuwa akizitazama zile glavu, halafu ananitazama mimi, halafu anasema jambo kwa Kikamba ambalo sikulielewa. Wiki ya pili ya mwezi wa nane hakuamka kunywa uji. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta. Nikapeleka habari kwa watu wenu kule Kawangware.

Mzee Lazarus, mwenyekiti wa chama cha watu wa Kitui, unamjua, hana muda wa kupoteza. Aliitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Sheria yao unaijua kuliko mimi: mtu akizidiwa apelekwe nyumbani angali anapumua, maana aliye hai anakaa kwenye kiti kimoja cha basi, na maiti inataka gari zima. Hata sisi watu wa ziwa tunafanya hivyo siku hizi, hakuna tena nguvu ya kusafirisha majeneza kila wiki. Mzee Lazarus aliniuliza mbele ya wote kama Muema kweli amezidiwa. Nikasema amezidiwa. Wakamkatia kiti cha Jumatano, basi la saa nane mchana.

Sasa sikia jinsi Mungu alivyo. Jumatano asubuhi Mzee Lazarus alifika na pikapu, akaiacha barabarani, akaingia ndani, akasema yeye hawezi kumpeleka mtu kwa mamake na nywele kama za kichaa. Lazima anyolewe kwanza. Vinyozi wawili wa hapa Lindi walikataa, walisikia ni mgonjwa wangu wakakumbuka kazi nyingine. Aliyekubali ni Wepukhulu, yule Mbukusu wa Laini Saba anayenyolea kando ya reli, ambaye Baba Nzilani alikuwa mteja wake. Alitoa masharti mawili: wembe mpya, na glavu kutoka kwenye boksi langu. Nikampa.

Tulimkalisha Muema kwenye stuli mlangoni penye mwanga, mimi nikimshikilia mabega. Wepukhulu alianza upande wa kulia, akaenda vizuri mpaka katikati. Alipovuka kushoto, juu kidogo ya sikio, alisimamisha wembe. Akauliza ile nundu ya ubao ilipona lini. Nikamuuliza nundu gani.

Ndipo akatueleza. Mwezi wa sita, asubuhi moja ya baridi, Muema alipita kwake akielekea mjengo wa kule Olympic. Siku iliyotangulia ubao ulikuwa umechomoka ghorofani ukamwangukia kichwani, na alikuwa na nundu kubwa kama yai. Alitaka nywele zinyolewe kwa namna ambayo kofia itaifunika, msimamizi asiione, kwa sababu pale mjengoni mtu akiumia anaambiwa apumzike, na kesho yake anakuta mwingine ameshika nyundo yake. Tena alimwomba Wepukhulu asimwambie mtu, hasa wewe, maana ungemzuia kwenda kazini. Ile kofia ya sufu, Ndunge, mimi na wewe tuliicheka tukidhani ni ya baridi.

Nilimwambia Wepukhulu kwamba nundu haina uhusiano, ugonjwa huu una kawaida ya kupanda kichwani, tulifundishwa. Alivua zile glavu, akaziweka juu ya stuli nyingine, akaanza kupapasa kile kichwa kwa vidole vitupu, polepole, kama mtu anayechagua embe. Alipobonyeza juu ya sikio Muema akagumia. Akamfunua kope mbili akamgeuzia kwenye mwanga, akaniita nije nitazame. Mboni ya kulia ilikuwa ndogo. Ya kushoto ilikuwa imepanuka jicho zima, nyeusi, na haikujali mwanga.

Akasema, "Mama Billy, mimi magonjwa siyajui. Vichwa ndivyo navijua. Hiki kiligongwa."

Nilikasirika. Nakwambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonishika ni hasira, kwamba kinyozi wa kando ya reli ananifundisha kazi yangu mbele ya Mzee Lazarus. Mzee Lazarus naye alikuwa anatazama saa. Tulimlaza Muema kwenye mkokoteni, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado, tukamsukuma kupitia vichochoro hadi barabarani, na watu wakivuta watoto wao ndani tukipita. Pale kwenye pikapu wakaanza kubishana. Wepukhulu anasema hospitali, Mzee Lazarus anasema kiti kimelipiwa na mama mtu anangoja kwenye stendi ya Kitui. Mwisho Mzee akanigeukia akasema haya, daktari wa mtaa aseme.

Niliyaona yote mawili waziwazi. Nikisema basi, Muema ataondoka na maneno yangu yatabaki kuwa kweli. Nikisema hospitali, huenda yakawa uongo, na wewe umeshaenda. Nilikuwa bado nimesimama hivyo Baba Nzilani alipotapika na mguu wake ukakakamaa. Nikasema hospitali. Na sifa impate mwenyewe: Mzee Lazarus aliyekuwa anabisha ndiye aliyeendesha ile pikapu kama amekunywa, akipanda mpaka vijia vya miguu.

Pale hospitali kubwa wananijua. Nimepeleka wagonjwa wengi. Muuguzi wa mapokezi aliniona tu akauliza kama huyu ni mmoja wa wale wangu, na mdomo ukajibu wenyewe kwa mazoea, ndiyo. Akaandika kitu kwenye kadi. Tukaelekezwa benchi la nyuma, wanakongojea wale ambao hakuna haraka nao. Siwalaumu sana, siku hizo kila kitanda kilikuwa na wawili na wengine chini sakafuni, na wengi ni wa ugonjwa huohuo. Tukakaa. Muema aliegemea bega langu akikoroma, lakini ule haukuwa usingizi, kila pumzi ilikuwa inatoka kwa mbali zaidi. Wepukhulu alikuwa amezuiwa getini. Mzee Lazarus alianza kusali kwa sauti ya chini.

Nusu saa nzima nilikaa kwenye lile benchi nikijua ni neno langu lililotukalisha pale. Ndunge, nilikuwa nimeogopa aibu kuliko kifo cha mume wako. Nimeliandika na sitalifuta.

Halafu nikainuka. Kulikuwa na daktari kijana anapita na kikombe cha chai, wanamwita Daktari Timothy, nikamshika koti. Sikumwomba samahani. Nilimvuta hadi kwenye benchi nikamwonyesha kile kichwa cha nusu na yale macho. Aliweka chai sakafuni, akamulika tochi, akauliza aligongwa lini. Nikamwambia mwezi wa sita. Akaisoma ile kadi, akaniuliza, muuguzi akiwa amesimama palepale na Mzee Lazarus akisikia, kama mgonjwa ana virusi.

Nikamwambia, "Sijui, daktari."

Miaka mitatu sikuwahi kulisema neno hilo mbele ya watu. Muuguzi alinigeukia akanikodolea macho.

Daktari akasema, "Hata akiwa navyo, leo havitamuua. Kitakachomuua leo ni hiki kilicho kichwani."

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio. Alisema kuna damu imevilia ndani ya fuvu inaukandamiza ubongo. Picha ya kichwa ingepatikana kesho yake, na kesho ilikuwa mbali, kwa hiyo angetoboa bila picha. Akataka jamaa wa kutia sahihi. Akauliza mke yuko wapi. Mzee Lazarus akanitazama mimi, mimi nikatazama sakafu, na Mzee akatia sahihi kama baba. Wabeba machela walisitasita kumgusa, walikuwa wamesikia maneno ya mapokezi, na glavu zilikuwa zimewaishia. Nikatoa boksi langu nikawagawia wote. Wepukhulu akaitwa kutoka getini, akammalizia kunyoa ule upande wa kushoto hapohapo kwenye korido, na hakumkwaruza hata mara moja. Kisha wakamwingiza, mlango ukafungwa.

Nilitembea ile korido mpaka mfagiaji akaniomba nikae. Nilihesabu vigae. Nilijaribu kusali nikajikuta nampangia Mungu maneno. Niliwaza nitakuandikia nini akifa, nikagundua nilikuwa nishaanza kutafuta maneno ambayo yatanitoa mimi, na nikajichukia. Jioni Daktari Timothy alitoka, kofia imelowa jasho. Alisema ametoboa mashimo mawili, kila moja upana wa shilingi, na kilichotoka ni damu nzee, nyeusi, kama oili chafu inayomwagwa gereji. Ilikuwa imekaa humo wiki nyingi ikiongezeka. Ndiyo iliyomsahaulisha jina la mtoto wake, ndiyo iliyouvuta ule mguu, na kukonda ni kwa sababu alikuwa hawezi kula. Alisema kwa jicho lile mgonjwa alibakiwa na saa moja, pengine mbili. Ndunge, basi lile lingemfikisha Kitui maiti kwenye kiti cha mtu aliye hai.

Siku ya pili alifungua macho na mboni zote mbili zilikuwa sawa. Aliongea Kikamba kwanza, halafu akaniona, akauliza kwa Kiswahili kwa nini hamsikii Brandon. Nikamwambia apumzike. Siku ya tisa tulimrudisha nyumbani, na sasa anakula, anatembea, anajua majina yenu yote na siku mliyozaliwa kila mmoja. Mkono wa kulia bado haujakaza vizuri, akishika nyundo inamponyoka, lakini daktari anasema utarudi. Kile kikombe chenye rangi nyekundu nilikitupa.

Sasa nimefika nilipokuwa nakimbia tangu mwanzo.

Sikuiona karatasi yoyote. Hakukuwa na karatasi. Muema hakuwahi kupimwa, na mimi nilijua hakupimwa. Uliponiuliza jikoni kama nina hakika, niliona unasitasita, niliona utabaki naye kwa sababu unampenda, na nikasema uongo ili uondoke. Nilijiambia nakuokoa. Mume wangu Obiero alipougua, mama yake alijua, ndugu zake walijua, hata wenzake wa kazini walijua, na wote waliniacha nimwoshe kwa mikono mitupu na kulala naye kitanda kimoja. Nilikuja kusikia siku ya mazishi kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anamenya viazi. Siku ile niliapa hakuna mwanamke wa karibu yangu atakayefichwa. Basi nikakuambia zaidi ya niliyoyajua. Hiyo ni sababu, lakini haiufanyi uongo kuwa kitu kingine. Ulimwacha mume wako mgonjwa kwa sababu yangu, na watoto wako walimuaga baba yao kama mtu aliyekwisha, kwa sababu yangu.

Na jambo jingine, kwa kuwa nimeshafungua mdomo. Mimi mwenyewe sijawahi kupima, tangu Obiero azikwe mpaka leo. Nimekuwa nikisoma dalili za watu wote wa Lindi na sina ujasiri wa kusoma zangu. Cheti nimekitoa ukutani. Bado naenda kwa wagonjwa wangu, hawana mwingine, lakini wakiniuliza ni nini nawaambia twende tukapimwe, mimi sijui. Jumanne naenda nao.

Baba Nzilani nilimwambia yote juzi. Alikuwa ameketi mlangoni anafanya mazoezi ya kushika misumari. Alikusanya ile iliyoanguka, mmoja mmoja, mpaka nikataka kupiga kelele. Halafu akaniambia, "Mwandikie. Mimi nikimweleza atadhani najitetea." Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri tu, na uji wangu haunywi, anajipikia.

Hospitali walimpima damu wakati wa matibabu, na majibu wamempa kwenye bahasha. Safari hii ukiniuliza nitakuambia nilichokiona: nimeona bahasha, imefungwa. Anasema ataifungua mbele yako, au haitafunguliwa.

Sikuombi unisamehe katika barua, jambo kama hilo halijibiwi kwa stempu. Ukitaka kunitukana, njoo unitukane, chumba chenu kipo na kufuli ni lilelile. Wasalimie mama na majirani wote wanaonikumbuka. Billy anawasalimu watoto, anasema mpira wao anautunza. Mzee Lazarus anakusalimu, na Wepukhulu pia.

Barua hii haikupita posta, Ndunge. Muema ameibeba mwenyewe. Hakutaka umwone kabla hujaisoma, kwa hiyo atashuka pale njia panda, ampe mtu wa dukani akuletee, na yeye abaki hapohapo nje mpaka umalize. Ameniambia usipokuja atapanda basi la kurudi jioni na hatakusumbua tena. Uamuzi ni wako, mimi sitakuamulia mara ya pili. Ila lile duka halina baraza, na daktari amesema kile kichwa kisipigwe na jua.

Ni mimi aliyekuwa rafiki yako,

Filister Akeyo (Mama Billy)